Sikio la Kushoto la Kavindu

Kavindu ana sikio la kushoto ambalo mimi nalijua kuliko vile mumewe angelijua, kama angekuwa na mume. Simcheki. Nasema hivyo kwa sababu habari zake siwezi kuzianzia mahali pengine. Ukiniuliza ni nani ameniumiza roho zaidi hapa Ruiru, sitakutajia jirani aliyenifungia maji ya bomba, wala karani aliyenizungusha na karatasi za ploti miaka miwili. Nitakutajia Kavindu binti Kyengo, ambaye hajanikosea hata siku moja. Shida iko hapo. Mtu akikukosea mnagombana, mnaisha. Huyu hanikosei, na nikimwona tu nasikia kitu kinanichoma hapa chini ya kifua.

Mimi naitwa Wamboi, fundi wa nguo, Gatongora. Sare za shule unazoona zikipita barabara yetu asubuhi, karibu zote zimetoka kwa mikono yangu. Nina mume, Githinji, mtu mpole ambaye hanywi. Nina mtoto, Muigai, yuko kidato cha tatu. Nina cherehani tatu na nyumba ya mawe kwa ploti yetu wenyewe. Kavindu hana mume, hana mtoto, hana nyumba, na kitanda chake nilimsaidia kukibeba mimi alipohama mara ya nne. Sasa niambie wewe, kati yetu sisi wawili ni nani anafaa kumwonea mwenzake wivu? Haki ya Mungu, hata mimi najishangaa.

Tulikutana darasa la pili, shule ya msingi kule Kiganjo, Thika. Baba yake alikuwa ametoka Ukambani kuja kufanya kazi kwa kiwanda cha matunda, wangu alikuwa na kibanda cha kuuza sukari ya kupima. Tulikaa dawati moja mpaka darasa la nane, na kwa dawati hilo ndipo tulipojifunza kucheza kadi. Kama hukukulia Kenya nitakueleza: unatupa karata inayofanana na ile iliyo juu, na wa kwanza kumaliza zake ameshinda. Lakini ukikaribia kumaliza lazima utangaze, useme "niko kadi", ili wenzako wajikinge. Ukimaliza kimya kimya, ushindi wako hauhesabiwi, na unaokota karata zingine juu.

Sisi tulikuwa tunacheza nyuma ya darasa, mwalimu akiandika ubaoni. Ungesema "niko kadi" kwa sauti hapo ungekiona cha mtema kuni. Kwa hivyo tukapatana, mimi na yeye na wasichana wengine wawili ambao siku hizi sijui wako wapi: ukiwa kadi, shika ncha ya sikio la kushoto. Mimi nilikuwa nasahau makusudi. Naangalia dirishani, najikuna kichwa, halafu namaliza na kuapa kwamba sikio nililishika, wao ndio hawakuona. Kavindu hakusahau hata mara moja. Hata mwalimu akiwa amesimama nyuma yetu, vidole vilienda kwa sikio. Alichapwa mara mbili kwa sababu ya uaminifu wake, na mimi nikiwa kando yake na uso wa malaika.

Darasa la saba shule iliambiwa ipeleke mtoto mmoja Nairobi kukariri shairi. Beti zilikuwa kumi na mbili. Mimi nilizijua zote, hata ungeniamsha usingizini ningekusomea. Yeye alizijua nane. Walimchagua yeye, ati kwa sababu akisahau anacheka, na akicheka watu wote wanacheka naye. Aliporudi aliniletea nusu ya andazi alilopewa huko, amelifunga kwa karatasi ya daftari. Nililila lote. Nilikuwa nikitafuna na nikimchukia, nikiwa na miaka kumi na tatu.

Maisha yake baada ya shule, ukiyaandika utafikiri ni ya watu watano. Alijifunza kusuka nywele, akaacha. Akapika chapati za wajenzi huko Juja mpaka jengo likaisha. Akafuga kuku, wakafa wote kwa wiki moja. Akachumbiwa na Kyalo, fundi wa stima, mahari ikaanza kuzungumzwa, kisha Kyalo akaenda Qatar na huko akanyamaza. Kila mara nilikuwa naenda kumpa pole, na nitasema ukweli, kila mara nilikuwa naenda haraka. Nabeba unga na sukari na ile sura yangu ya huruma. Nafika nakuta anacheka. Ananieleza vile kuku wa mwisho alikufa akimwangalia machoni kama mtu anayedai, mpaka na mimi nacheka, na narudi Gatongora nikiwa sina hata ile raha ndogo niliyokuwa nimeendea.

Sasa hivi ana kitalu cha miche ya avokado pale Kimbo, kando ya barabara. Anaunganisha kitawi kwa mche, anaufunga kwa kipande cha nailoni, kisha anangoja. Mingine inashika, mingine inakauka. Ukimuuliza biashara iko aje anakuambia iko mahali pazuri, bado tu. Amekuwa akisema "bado tu" tangu nimjue.

Sasa nije kwa Mzee Zacharia Githae, maana bila yeye haya yote yangebaki ya shule. Nilimjua nikimshonea mapazia nyumbani kwake, hapo hapo Kimbo. Miaka ishirini na sita alifanya kazi Nairobi kwa nyumba moja ya kamari, kazi yake ikiwa kugawa karata. Kisha akaokoka, akastaafu, na watu wa kanisa wakamwambia achome karata zake. Aliwajibu kwamba pesa ameacha, hesabu hawezi. Kwa meza yake hakuna shilingi inayowekwa, na akiona mtu amepapasa mfuko anamwonyesha lango. Siku hiyo ya mapazia alitaka kunionyesha mchezo na hakuwa na cha kuchezea, nikamwaga mezani vifungo kutoka kwa mkoba wangu: vyeupe vya shati, na vile vikubwa vya koti ambavyo kimoja ni sawa na vyeupe kumi. Ndiyo maana mpaka leo tunacheza na vifungo. Ni vyangu, naomba hilo lieleweke.

Tukawa tunakutana kwake verandani kila Jumamosi saa tisa mchana: mimi, Perez ambaye ni mwalimu wa chekechea, na Chege wa pikipiki. Mchezo unaitwa Omaha. Kila mtu anapewa karata nne zake, anazificha. Katikati ya meza zinafunuliwa tano za wote, tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho, na kila hatua unaweka vifungo au unatupa karata zako unatoka. Mkono wako ni karata tano, lakini mbili ni lazima zitoke kwako na tatu zitoke mezani. Si moja, si tatu. Na karata tano zinazofuatana, au tano za alama moja, zinashinda jozi mbili. Perez alisumbuliwa na hiyo mbili kwa miezi miwili, kwa sababu kwa kadi mtu anatumia chochote alicho nacho. Mimi niliishika siku ya kwanza. Mzee akasema huyu fundi ana kichwa, na nilirudi nyumbani nikiyarudia hayo maneno njia nzima kama mtoto aliyepewa namba moja.

Kisha nikafanya upuzi, na hakuna mtu mwingine wa kulaumiwa. Nilimwalika Kavindu. Nilitaka aone nikisifiwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hiyo nguo niliishona mimi mwenyewe.

Jumamosi yake ya tatu Mzee alitufundisha kuhesabu milango. Yeye anaziita auti, lugha ya kazini kwake, lakini meza yetu ilizipa jina la milango. Ukiwa hujapata kitu, umekaribia tu, unajiuliza: kwa zile karata ambazo bado sijaziona, ni ngapi zikifunuliwa zitanifikisha? Kila moja ni mlango. Mzee akafunua mkono wangu mbele ya wote. Kati ya karata zangu nne, tatu zilikuwa za alama ya maua, na mezani kulikuwa na maua mawili. Likifunuliwa ua moja lingine mezani, nimepata karata tano za maua. Akaniuliza nina milango mingapi. Nikajibu mbio: pakiti ina maua kumi na tatu, mimi natumia mawili, mezani mawili, basi yamebaki tisa.

Kavindu akaangalia karata zangu, akasema polepole, "Ni nane. Hilo la tatu amelikalia mwenyewe."

Na alikuwa na haki. Lile ua la tatu halikunifaa, kwa sababu natumia mbili tu kutoka kwangu, na tena haliwezi kufunuka mezani kwa kuwa liko mkononi mwangu. Chege alicheka mpaka akashika ukuta. Kavindu hakuishia hapo. Akauliza, je, kama kuna mtu hapa mezani ana maua makubwa kuliko ya Wamboi, si hiyo milango yote nane inamfungukia huyo mtu? Mzee alivua miwani. Alisema kuna watu amewagawia karata miaka kumi hawajawahi kujiuliza hivyo, na wamepoteza mashamba. Tangu siku hiyo mimi nilibaki fundi, na yeye akaitwa mwanangu.

Mchezo wake ulikuwa wa kuudhi. Mimi napenda kitu kilicho mkononi: jozi, jozi mbili, tatu zinazofanana, kitu unakishika unakiona. Yeye anakaa na karata ambazo si kitu, saba, nane, kumi, jeki, zimefuatana kama watoto kwa foleni ya uji, na anangoja. Zikikosa anatupa bila kununa. Zikishika anavuta vifungo vyangu kwa mikono miwili. Halafu anasema, "Pole, Wamboi," na anamaanisha. Afadhali angeringa, ningejua pa kumshika.

Nilijaribu kucheza kama yeye. Nilikuwa nafunga duka, nagawa karata peke yangu juu ya meza ya kukatia, nahesabu milango na vifungo. Hesabu nilikuwa naipata, usifikiri mimi ni mjinga. Kungoja ndiko kulinishinda. Nikiwa na milango kumi na mitatu na karata inayofuata imekosa, nilikuwa nasikia nimeibiwa, na nikisikia nimeibiwa nilikuwa naweka vifungo vingi zaidi kwa hasira. Mzee aliniambia nashona haraka hata nikiwa kwa karata.

Siku moja Githinji alikuja kunichukua, akasimama kando akimwangalia Kavindu akicheza. Tukiwa njiani akasema, bila ubaya wowote, kwamba Kavindu anajua kungoja, na kwamba kukaa karibu na mtu kama huyo ni kupumzika. Miaka kumi na nane ya ndoa! Sijawahi kuambiwa kukaa karibu na mimi ni kupumzika. Nilimpikia githeri, mahindi na maharagwe matupu, siku nne mfululizo, na hakuuliza kwa nini, jambo ambalo lilinikasirisha zaidi.

Ilikuwa mwezi wa tatu nilipoliona lile sikio. Zilikuwa zimefunuliwa zile tatu za kwanza. Mkono wa Kavindu ukapanda wenyewe, vidole viwili vikashika ncha ya sikio la kushoto, vikaachilia. Haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Mimi nikawa darasa la pili. Yuko kadi. Amekaribia, hajafika. Karata mbili zilizofuata zilikuja za ovyo, nikasukuma vifungo vingi, na akatupa zake. Baadaye sikio likashikwa tena, nikafanya vile vile, akatupa tena. Na asiposhika sikio halafu aweke vifungo, nilijua amepata, natupa zangu mapema. Yeye hajui. Naapa hajui. Ni mwili wake tu unafuata sheria yetu ya Kiganjo, unatangaza ili wenzake wajikinge. Perez na Chege hawakuona kitu, kwa sababu hawakukaa dawati letu, na Mzee hachezi, anagawa tu, macho yakiwa kwa karata.

Unafikiri nilimwambia? Nilienda nyumbani nikiimba wimbo wa kwaya. Miezi mitatu nilimshinda Kavindu Jumamosi baada ya Jumamosi, na Mzee akaanza kuniangalia tena kama ile siku ya mapazia.

Mwezi wa sita Mzee alitoa habari. Wazee waliofanya kazi naye hukutana mara moja kwa mwaka kwa hoteli fulani Nairobi, wanacheza Omaha siku nzima, na mwaka huu kila mmoja aliruhusiwa kuleta mwanafunzi mmoja. Kiti kimoja. Jina lako linaandikwa kwa kadibodi na kuwekwa mezani mbele yako. Hakuna pesa, kuna kikombe na chakula cha mchana. Utacheka, mwanamke mzima mwenye mume na cherehani tatu, lakini nilikitaka hicho kiti kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka. Nilitaka safari hii Nairobi niende mimi, na yeye abaki nyumbani akingoja andazi.

Mzee alisema tutacheza mpaka abaki mtu mmoja mwenye vifungo vyote. Chege alitoka kwanza, Perez akafuata, na saa kumi na moja tukabaki mimi na Kavindu, vifungo karibu nusu kwa nusu. Mzee akagawa. Nilipata kingi wawili, tisa na nane. Mezani zikafunuliwa tisa, nane na tatu. Tisa yangu na ya meza, nane yangu na ya meza: jozi mbili, na hakuna jozi mbili kubwa kuliko hizo pale. Nikajikaza uso, nikaweka vifungo kiasi. Kavindu akaangalia meza, akaangalia zake. Vidole vikapanda kwa sikio.

Anangoja. Hana kitu, na mimi ninacho. Furaha na wivu vilinipanda pamoja, sikujua kipi ni kipi. Mtu mwenye akili hapo angejiuliza, anangoja kwa milango mingapi? Mzee alikuwa ametufundisha hivyo miezi yote hiyo. Mimi sikujiuliza. Nilichofikiria ni kwamba maisha yake yote huyu mwanamke anangoja, na anapendwa akingoja, na leo atajua kungoja si kitu mbele ya mtu aliyepata. Nikasukuma vifungo vyote katikati, vya shati na vya koti. Kavindu alikaa kidogo, midomo ikihesabu. Kisha akasukuma vyake.

Tukafunua. Alikuwa na sita, saba, kumi na jeki. Mzee akaanza kuhesabu kwa sauti, kidole kikigonga meza. Kwini wote wanne wangemfikisha. Tano zote nne. Sita tatu zilizobaki, saba tatu, kumi tatu, jeki watatu.

"Ishirini," akasema. "Karata ambazo hazijaonekana ni arobaini na moja, na zinafunuliwa mbili. Fundi, wewe ndiye uko nyuma."

Nilimwambia mimi nina jozi mbili na yeye hana chochote. Akasema anajua.

Karata ya nne ilikuwa mbili. Haikumfaa, na nikaanza kupumua. Ya mwisho ikawa tano. Sita na saba kutoka kwake, tano, nane na tisa kutoka mezani, tano zinazofuatana. Kavindu hakukimbilia vifungo. Aliinuka, akazunguka meza, akanikumbatia, nikanusa udongo wa kitalu kwa nywele zake na nikatamani kumsukuma. Mzee akasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nikasema nimekubali. Ulikuwa uwongo mtupu.

Jumatano akaja dukani kwangu na kitambaa cha kijani alichonunua Thika. Alitaka nimshonee nguo ya kuvaa Nairobi. Nikamsimamisha mbele ya kioo, nikashika pini kwa midomo, nikaanza kupima kola. Mikono yangu ilikuwa hapo, karibu kabisa na lile sikio. Aliongea bila kukoma, ati anaogopa, ati wale wazee wamegawa karata tangu kabla hatujazaliwa, watamsoma kama tangazo la ukutani. Nilijua anasema kweli. Kama mimi fundi wa nguo niliona, watu wa kazi hiyo wangeona kabla ya chai ya saa nne. Nilikuwa na pini nne mdomoni. Kutoa pini nne ni kazi ya nukta mbili. Niliendelea kupima.

Usinione mbaya kabisa. Alhamisi sikulala vizuri, na Ijumaa mchana nilifunga duka nikaenda Kimbo kumwambia. Nilikuwa nimeamua. Nafika kwa kitalu namkuta Mzee Zacharia amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, katikati ya miche, anampa pakiti yake ya zamani. Ile pakiti ina pembe zilizolainika, alitoka nayo kazini siku ya mwisho, na kwa meza yetu hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mimi niliwahi kunyoosha mkono akaifunika na kofia. Sasa alikuwa akimwekea mkononi, anamwambia aende nayo, itampa moyo. Walikuwa hawajaniona. Niligeuka nikarudi Gatongora kwa miguu, jua lote hilo, na ile nguo ya kijani nikaimalizia siku hiyo hiyo. Niliishona vizuri sana. Mgala muue na haki umpe.

Jumamosi ya mchezo sikushona kitu. Nilikaa mlangoni kwa duka nikijiambia labda atashinda, na nikiona anashinda kwa akili yangu, nainuka nafagia mlango. Nikijiambia atashindwa, nafagia tena. Saa nane mchana nikamwona anavuka barabara na nguo ya kijani. Nilijua hapo hapo ameshindwa, maana chakula cha mchana kilikuwa hakijaisha huko.

Alikaa kwa kiti cha wateja. Akafungua mkoba, akatoa kipande cha keki kilichofungwa kwa karatasi ya hoteli, akanipa. Alisema aliomba cha kunibebea kabla hajaondoka. Nikaanza kula kwa sababu sikujua kingine cha kufanya na mdomo wangu.

Alinieleza bila kulia. Walimmaliza mapema. Kila alipokuwa anangoja karata, walijua anangoja, wakaongeza dau mpaka akatoka. Kila alipopata, walijua amepata, wakatupa. Kulikuwa na mzee mmoja mnene ambaye hata hakuangalia karata zake, alikuwa akimwangalia yeye tu. Alipoinuka yule mzee alimpa mkono kwa upole, akamwambia arudi nyumbani aulize mtu anayempenda amwambie anafanya nini.

"Ndiyo nimekuja kwako kwanza, kabla ya kumuuliza Mzee, yeye nimemwacha huko hotelini," akasema. "Kule Kimbo ni wewe peke yako ulikuwa unanishinda vile walinishinda. Mwaka ujao wanakubali wanafunzi wawili, Mzee amesema twende sisi wote. Wamboi, umenijua tangu darasa la pili. Kuna kitu nafanya nikiwa nangoja?"

Akangoja nijibu. Na vidole vyake viwili vikapanda, vikashika ncha ya sikio la kushoto.

Nilimeza keki. Nilimwangalia machoni, karibu hivi, na machozi yalikuwa yamenifika hapa. Ningemshika tu huo mkono, ningeuacha hapo hapo ulipo, nikamwambia tazama kwa kioo.

"Hakuna," nikasema.

Akashusha mkono. Akasema basi ilikuwa bahati mbaya tu, akacheka, akaniomba chai.

Jumamosi iliyofuata tulicheza kama kawaida, mimi na yeye na Perez na Chege. Alishika sikio mara tatu. Mara zote tatu sikumsukumia kifungo hata kimoja kama zamani; nilitupa karata zangu, na vifungo vyangu vikabaki upande wangu.